Klipu Isiyo na Neno

Wifi yangu nilimpa jina la Kabati tangu mwezi wa kwanza alipoolewa na kaka yangu, na hajawahi kuninunia, kwa sababu anajua ni kweli. Mtu gani anabandika karatasi ya "chumvi" kwenye kopo la chumvi, na kopo lenyewe unaona mpaka ndani? Ukimuuliza anakujibu, "Wifi, siku utakayokuwa na haraka ndiyo utanielewa." Haya bwana. Mimi ni msusi, vitana vyangu vinalala popote mkono ulipoviacha, na hakuna mteja aliyewahi kutoka kwangu na kichwa nusu.

Tunakaa nyumba moja. Chumba cha mbele ni saluni yangu, cha nyuma ni studio yao, na katikati kuna ukuta wa mbao usiozuia hata chafya. Kaka ndiye aliyekuwa anapiga video za harusi, mahafali na sherehe za watoto. Wifi ndiye anayezikata na kuziunga kwenye kompyuta. Kila klipu iliyoingia, yaani kila kipande kilichorekodiwa, aliitazama mwanzo mpaka mwisho, kisha akaipa neno la kutafutia: keki, machozi, mama mzazi, mvua. Mteja akipiga simu mwaka umepita, anataka pale bibi yake alipocheka, Kabati anaandika "bibi", anaandika "kicheko", na bibi huyo hapo anacheka na pengo lake. Nilikuwa namtania, lakini moyoni namwonea gere. Na alikuwa na sheria moja, ameiimba mpaka mimi wa saluni nikaikariri: klipu isiyo na neno ni takataka.

Kaka yangu watu walimwita Redio. Mdomo wake haukuwa na pa kuzimia. Shida ni kwamba sauti yake iliingia kwenye kila kazi. Bwana harusi anavisha pete, nyuma ya kamera unamsikia Redio, "Taratibu, ndugu yangu, kidole hakikimbii." Mtoto anakata keki, Redio huyo, "Zima mishumaa kwanza, mkubwa, utakula moto." Wifi alikaa na vipokea sauti masikioni akisonya.

"Mume wangu, watu wametuita tupige harusi yao. Mdomo wako nani kauita?"

"Umejialika wenyewe," kaka anajibu.

Kila mahali alipoongea, wifi alipawekea alama kwa neno moja, ili baadaye aikate sauti hiyo bila kuhangaika: kelele. Kaka akiliona lile neno kwenye skrini alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Tukadhani ni kicheko tu. Kumbe kikohozi kilikuwa na lake. Sauti ikaanza kukwaruza, ikawa nzito, chakula kikawa hakipiti vizuri, na tulipompeleka hospitali daktari akatueleza bila kuzunguka: kuna uvimbe kwenye koo, na ili kaka apone lazima kisanduku cha sauti kiondolewe chote. Ataishi, akatuambia, ila hataongea tena. Wifi wakati huo alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya miaka ya kungoja na kuulizwa maswali na kila mwenye mdomo. Alishika tumbo kwa mikono miwili.

Siku chache kabla ya upasuaji kaka alijifungia studio mchana, yeye na kamera. Nilijua anaongea na nani. Ukuta wenyewe nimeshawaambia ulivyo. Nikawasha draya bila kichwa ndani yake, ikavuma peke yake, ili nisisikie neno hata moja, maana lile halikuwa langu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akampa mkewe kadi ya kamera.

"Usisikilize," alimwambia, kwa ile sauti iliyobaki. "Siku mtoto akifika nyumbani tutakaa sote tusikilize. Nataka sauti yangu aijue kutoka kwangu mwenyewe, asije akahadithiwa."

Wifi akaziingiza zile klipu kwenye kompyuta, na diski ya akiba ikazinakili. Kilichobaki ni kuziwekea neno. Akakwama. Alikuja kunieleza jioni ile ile, amesimama kwenye mlango wa saluni.

"Niandike nini, wifi? Nikiandika 'kwaheri' namtabiria. Nikiandika 'sauti ya baba', nasikia kama nimeshamzika."

"Basi acha kwanza," nikamwambia. "Utaandika akirudi mzima."

Akaacha wazi. Kabati, mtu wa kubandika karatasi kwenye chumvi, akaacha wazi.

Kaka alirudi mzima, tunashukuru. Anapumua kwa tundu la shingoni, amelifunika na kitambaa cheupe, na nyumba ikawa na kimya cha kutisha. Tukajifunza lugha mpya. Makofi mara moja, ndiyo. Mara mbili, rudia. Mambo marefu anaandika kwenye simu. Alikonda, na kazi ya kamera akamwachia kijana wa kukodi kwa muda, ila kila asubuhi aligusa tumbo la mkewe kisha akanyoosha kidole kwenye kompyuta, maana yake, zile zipo? Wifi anajibu zipo. Ndilo lililokuwa linamweka sawa yule mtu, msidanganyike, si dawa za hospitali.

Sasa balaa. Diski kubwa ya kazi ilianza kulegalega, fundi wa kompyuta akaja akaunganisha kazi za zamani na za sasa kwenye diski mpya. Tulipofungua, kila kitu kilikuwa kimezaa. Bibi harusi wawili, keki mbili, msafara ule ule wa magari unapita mara mbili. Wifi akaziita klipu pacha, akasema lazima aondoe pacha mmoja mmoja la sivyo hatapata nafasi ya kufanya kazi. Miguu imemvimba, mgongo unamuuma, nikamwambia pumzika wewe mwanamke, harusi za watu hazikimbii. Akasema hawezi kuingia chumba cha uzazi ameacha uchafu nyuma. Ndivyo alivyoumbwa.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana hata mimi ilibidi nielezwe mara mbili. Kamera yao ina ujinga wake: ukisafisha kadi, inaanza kuhesabu upya tangu namba moja. Kwa hiyo klipu ya harusi na klipu ya mahafali zinaweza kubeba jina lile lile na hazina undugu wowote. Wifi analijua hilo kuliko mtu yeyote; siku zote huzifungua akazitazama kabla ya kufuta. Siku ile, kwa uchovu, akazipanga kwa majina tu, bila picha, akafuata sheria yake. Zikiwa mbili zenye jina moja, yenye neno ndiyo ya kweli inabaki, isiyo na neno ni pacha inaondoka. Mwisho akakusanya zote zilizobaki bila neno, akazifagia kwa mkupuo. Akamwaga na pipa la takataka la kompyuta. Alitoka amejishika kiuno, anatabasamu, akanywa maji.

"Wifi, nimesafisha nyumba," akasema.

Siku mbili tatu baadaye kaka aliandika kwenye simu akamwonyesha: kwenye ile klipu ya kwanza nilianza kwa kukohoa, nikatie, mtoto asiogope. Wifi akacheka, akasema ataikata bila kusikiliza, atafuata mistari ya sauti tu. Akaingia studio. Mimi nilikuwa na mteja, nimeshasuka upande mmoja. Nikasikia kitufe cha kompyuta kinabonyezwa, kinabonyezwa, kinabonyezwa. Halafu kimya. Halafu wifi akawa mlangoni.

"Wifi."

"Nini?"

"Nimemfuta."

"Umemfuta nani?"

Aliangalia tu chumba alicholala kaka. Mteja akaniuliza kama wifi yuko salama, nikamwacha na kichwa chake nusu, mara ya kwanza maishani mwangu.

Tulitafuta. Diski iliyolegalega? Ilishakufa kabisa. Diski ya akiba? Diski ya akiba aliipanga ifuate ile kubwa kama kifaranga na mama yake: inayoingia huku inaingia kule, inayofutwa huku inafutwa kule. Kadi? Kadi ilishasafishwa na kupigiwa mahafali, na tangu hapo imepigiwa mengine. Wifi aliandika jina la kaka, akaandika "mtoto", akaandika "baba", "hospitali", "mchana". Kila neno likaleta harusi za watu. Neno lenyewe hakuwa ameliweka, sasa lingemletea nini?

"Ukuta ni wa mbao," akaniambia, amenishika mkono mpaka kucha zinaingia. "Wifi, ulikuwa hapo. Alisema nini? Hata moja. Niambie hata moja."

"Niliwasha draya."

"Kwa nini uliwasha draya?"

"Ningejuaje!" Nilipaza sauti, nikakumbuka kaka amelala, nikaishusha. "Ningejuaje kwamba wewe, wewe unayeandika chumvi juu ya chumvi, ndiye utakayetupa kitu kama kile? Ungeweka neno lolote! Ungeandika hata ng'ombe!"

Alikaa chini sakafuni na tumbo lake, kwenye nywele nilizokuwa sijafagia, akalia bila kuficha uso. Nikakaa naye. Ningefanya nini? Maji yakishamwagika hayazoleki, na wa kumgombeza alishajigombeza kunizidi.

Fundi alichukua diski akakaa nayo. Siku zile wifi hakula, nilimlisha kwa kumtukana. "Kula, mtoto hajafuta kitu yeye." Kaka akinyoosha kidole kwenye kompyuta asubuhi, mkewe anasema zipo, kisha anakwenda bafuni anafungua bomba. Fundi aliporudi alikuwa na klipu moja tu, amefanikiwa kuifufua. Tukaifungua. Kaka huyo, kiti kile kile, shingo yake nzima haina kitambaa, anacheka, anaongea, anapunga mkono. Sauti hakuna. Tuliongeza, tukachomeka vipokea sauti, tukavichomoa. Picha ipo, sauti hakuna. Fundi akasema sehemu ya sauti imeshaandikiwa kitu kingine juu yake, na haitarudi.

"Mwambie diski imekufa," nikamshauri wifi. "Vyombo vinakufa. Hatakulaumu."

"Hata akinilaumu. Nimemdanganya asubuhi za kutosha."

Alimwita siku ile ile, akamweka kwenye kiti, akamweleza yote, sheria yake, pacha, pipa, kila kitu, akizungumza haraka kama anayeogopa kuishiwa pumzi. Kisha akamwonyesha ile klipu. Kaka alijitazama anaongea. Alisogea mpaka pua ikakaribia skrini, akafuata midomo yake mwenyewe, na midomo yake ya sasa ikawa inajaribu kuigiza. Akapiga makofi mara mbili. Wifi akarudia. Akapiga tena mara mbili. Akarudia. Mwisho akachukua simu, akaandika, akatuonyesha: nilisema nini hapa?

Wifi akatikisa kichwa.

Akaandika tena: sikumbuki. Niliongea tu yaliyokuja.

Angevunja kitu ningeshukuru. Angeupiga teke mlango. Alinyanyuka, akampita mkewe, akamgusa bega, akaenda kukaa kwenye ngazi za uani. Nilimfuata nikasimama nyuma yake. Nyie, mtu asiye na kisanduku cha sauti akilia husikii chochote. Unaona mabega tu, na kitambaa cha shingoni kinavyovutwa ndani na kusukumwa nje. Huyu ndiye Redio. Niliingia ndani nikawasha draya tena, safari hii kwa ajili yangu.

Baadaye wifi alimpa daftari akamsihi aandike upya, chochote atakachokumbuka. Aliandika mstari, akaukata, akaandika mwingine, akalirudisha daftari. Nilimwelewa. Alichotaka kumpa mtoto hakikuwa maneno.

Mtoto alizaliwa. Wa kike, mweusi tii, mapafu ya kuazimisha mtaa mzima. Siku aliyofika nyumbani ndiyo ilikuwa siku yenyewe, ile tuliyopangiwa kukaa sote tusikilize, na kila mmoja wetu alijua, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Nilipika, nikapiga porojo zisizo na kichwa wala miguu ili kuziba kimya. Kaka alimpakata mwanawe, akafungua mdomo. Nikaona shingo inajitahidi. Ilitoka hewa tu, ikapeperusha kitambaa. Mtoto alikuwa anaangalia dirisha. Kaka akafungua mdomo tena, na tena, mpaka wifi akainuka akaenda studio akafunga mlango. Niliwahi kuzika watu, lakini sijawahi kukaa chumba kizito vile.

Baada ya hapo kaka alianza kumkwepa mtoto. Si kwa kukosa upendo, hapana. Akilia, anampiga piga mgongoni kidogo, kisha ananiletea mimi. Ukimtazama usoni unaona mtu aliyekata tamaa kwa adabu. Wifi naye alifanya kazi kama mgonjwa, anakaa mbele ya kompyuta mikono imelala mapajani. Aliacha hata kubandika karatasi. Siku moja nilitia sukari kwenye mchuzi na hakuna aliyesema kitu.

Ilifika mahali diski ikajaa, kazi mpya haiingii. Ilikuwa mchana, nimeingia studio na mtoto begani anapiga kelele za njaa ilhali ameshashiba. Wifi alikuwa anapitia ile safu ya maneno yake pembeni ya skrini, ananisomea bila uhai.

"Keki. Machozi. Mama mzazi. Magari. Kelele."

"Hiyo kelele ina klipu ngapi?"

"Ndiyo iliyozidi zote."

"Sasa unaifugia nini? Futa! Harusi zenyewe zilishakabidhiwa na baadhi ya ndoa zilishavunjika. Futa upate nafasi tukale."

Alichagua zote, zikawa za bluu kutoka juu mpaka chini. Kidole kikaenda kwenye kitufe. Kikasimama pale.

"Nilijiapiza sifuti tena bila kusikiliza," akasema.

"Wifi, ni kelele! Umeandika mwenyewe!"

"Najua nilichoandika."

Vipokea sauti vilikuwa vimekatika waya, kwa hiyo ilitokea kwenye spika, na spika za wale watu ni za kuchezesha ukumbi.

"Shangazi, sogea kushoto kidogo, unamkinga mtoto."

Sauti ya kaka. Wifi aliganda. Klipu ya pili ikafuata yenyewe. "Taratibu, ndugu yangu, kidole hakikimbii." Ya tatu kikohozi. Ya nne, "Tabasamuni jamani, nani kafa hapa?" na kile kicheko, kicheko chenyewe, cha Redio, kikajaa chumba, kikapita ukuta wa mbao. Msiniulize kwa nini hatukufikiri mapema. Nani anapekua ndoo ya uchafu akitafuta pete? Miaka yote ya ndoa yao wifi alikuwa anaokota kila neno la mumewe ili alitupe, na hakuwahi kulitupa.

Kaka alitokea mlangoni. Alikuwa amekuja mbio, viatu hana, mkono mmoja ameushika kooni, maana alisikia mtu anaongea ndani na mtu huyo ni yeye.

Ikafika klipu ya sherehe fulani, hata sijui ya nani. Kuna kitoto cha watu kilikuwa kinalia mbele ya kamera, kinaogopa. Sauti ya kaka ikashuka, ikawa laini, sikuwahi kuisikia hivyo hata utotoni. "Wewe mdogo, usilie. Mimi nipo hapa. Niangalie mimi."

Mtoto begani kwangu alinyamaza. Aligeuza kile kichwa ambacho shingo bado haijakimudu, kikayumba, macho yakazunguka chumba, yakatafuta.

Kaka akasogea mpaka yakamfikia.

Wifi alikuwa analia, vidole viko kwenye kibodi, ameshalifuta lile neno kelele na mahali pake pako wazi, na pale pale akakwama, kama siku ile. Kaka akaliona. Akatoa simu, akaandika, akanipa mimi nimsomee kwa sababu mkewe haoni.

"Anasema weka neno. Lolote. Usiache wazi."

Wifi akaandika kwa kidole kimoja: baba. Tukabaki tumesimama, watu wazima watatu, na mtoto begani kwangu anamtazama baba yake. Yale aliyomwambia mwanawe mchana ule yalishapotea na hayarudi, haya yalikuwa ya mtoto wa watu. Kaka akapiga makofi mara mbili.

Wifi akarudia.